Bustani imejengwa, watu hawakai: tafuta tatizo kabla hujamwita mkandarasi tena

Hii nawaandikia kamati za mitaa, madiwani, vikundi vya vijana, maafisa mipango miji walioachiwa kiwanja na mradi ulioisha, na mtu yeyote ambaye mtaani kwake kuna bustani au uwanja uliopendezeshwa, utepe ukakatwa, picha zikapigwa, alafu leo pale pana mbuzi wawili na mlinzi aliyelala. Kinachoniudhi ni kwamba mahali pakishafeli, jibu la kwanza la watu wetu ni kuongeza vitu. Mnara. Chemchemi itakayorusha maji wiki mbili kisha iwe dimbwi la mbu. Herufi kubwa za jina la mji za kupigia selfi. Wakati mara nyingi sana tatizo halipo katikati ya kiwanja kabisa, lipo pembeni, kwenye kingo zake, pale kinapokutana na barabara na maduka na kituo cha daladala, na kulirekebisha hakufiki hata robo ya bei ya huo mnara.

Twende dalili kwa dalili. Ruka hadi inayokuhusu, ila hii ya kwanza usiiruke.

Kabla ya yote: nenda ukakae

Sio kupita na gari la halmashauri mmevaa vizibao vya njano mnanyooshea vitu vidole. Kaa. Saa moja asubuhi watu wakienda kazini, saa saba mchana, saa kumi na moja jioni, saa mbili usiku, siku moja ya kazi na Jumapili moja. Chora kiwanja kwenye karatasi kwa mkono tu, aliyekaa mwekee nukta, aliyesimama mwekee mstari, pembeni andika mwanamke au mwanaume, mtoto au mzee, na amekaa muda gani kabla ya kuondoka. Ukimaliza una ramani inayokueleza mambo ambayo mshauri mwelekezi angekulipisha mamilioni.

Staili hii ilipata umaarufu New York kwa jamaa mmoja anaitwa William H. Whyte. Mwaka 1961 jiji lile lilipitisha kanuni kwamba ukijenga ghorofa ukaacha uwanja wa wazi chini kwa ajili ya watu, unaruhusiwa kuongeza sakafu juu. Wajenzi wakaacha viwanja kweli, na vingi vikawa vitupu, sakafu na upepo tu. Miaka ya 1970 Whyte na vijana wake wakafunga kamera juu ya mapaa, wakahesabu watu, wakatafuta sababu: ni umbo la uwanja? Ukubwa? Uzuri wa jengo? Wapi. Kilichotoka ni kwamba watu wanakaa palipo na pa kukaa. Ndio hivyo tu, na ilibidi zipigwe filamu ndio wakubwa wakubali. 1975 kanuni ikabadilishwa, kila futi za mraba 30 za uwanja ziwe na futi moja ya urefu wa mahali pa kukalia.

Pako tupu mchana kutwa

Kwanza jiulize kama ni tatizo kweli. Forodhani pale Unguja mchana pametulia, ila jua likishazama meza za urojo na mishkaki zinatoka, taa zinawaka, miwa inakamuliwa, vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani na nusu ya mji inahamia pale. Hakuna anayesema Forodhani imefeli. Mji wa pwani unaishi jioni, ukiupangia bustani kwa saa za Ulaya umejitafutia lawama bure. Lakini kama lengo lenu ni watu wa ofisini wapate pa kulia chakula cha mchana, au kina mama wanaosubiri zahanati wapate pa kupumzika, basi tatizo karibu kila mara ni jua.

Angalia kituo chochote cha daladala kisicho na paa kwenye saa tisa alasiri. Kuna nguzo ya umeme, na kwenye kivuli cha ile nguzo kuna watu watano wamejipanga mstari mwembamba, mmoja nyuma ya mwingine, mwenye mfuko wa nyanya, mwanafunzi, baba na bahasha yake, na kivuli kikisogea nao wanasogea bila kuambizana. Hakuna aliyewafundisha. Ukigeuka ng'ambo ya barabara unaona bustani mpya, benchi kumi, na hakuna hata mmoja aliyevuka kwenda kukaa. Ile foleni ya kivuli ndio ripoti yenyewe, andika hiyo.

Sababu ya kwanza ni miti isiyo na kivuli. Mkandarasi anapenda miashoki na mitende ya mapambo kwasababu imenyooka, haileti uchafu mwingi na kwenye picha ya makabidhiano inapendeza, ila chini yake hupati kitu. Panda mwarobaini, panda mkungu, panda mwembe kama mko tayari kwa watoto na mawe yao.

Sababu ya pili, miti ipo ila imekaa upande mbaya. Dar ipo kusini kidogo ya ikweta, kwahiyo kuanzia Machi mpaka mapema Oktoba jua la saa sita linakuwa kaskazini na kivuli kinaangukia kusini, miezi iliyobaki ni kinyume chake. Lakini hilo la saa sita liko juu, sio ndilo linalofukuza watu. Linalofukuza ni la saa tisa mpaka saa kumi na moja, linatokea magharibi, limeinama, linapita chini ya paa la kibanda chako kizuri na kukupiga usoni. Mti mmoja mpana upande wa magharibi wa benchi una faida kuliko mitatu upande wa mashariki, na hili sijui kwanini halimo kwenye michoro mingi maana dira ipo kwenye kila simu.

Sababu ya tatu sakafu. Pevingi ya kijivu ukuta hadi ukuta inahifadhi joto mchana na kulirudisha jioni, wakati ule ule ambao watu wangetoka. Na benchi la chuma au granaiti lisilo na kivuli saa nane mchana hulikalii, labda umevaa jinzi mbili.

Wakati mnasubiri mti ukue, fungeni nyavu za kivuli zile za vitalu vya miche kwenye nguzo nne. Kwenye picha sio pazuri. Watu watakaa.

Watu wanakaa kwenye ngazi na ukutani, benchi ziko tupu

Hii inawachanganya sana wahandisi. Benchi limenunuliwa, lina mgongo, lina nembo ya mfadhili, na watu wamekaa kwenye ukuta wa maua. Nenda ukakae wewe kwenye hilo benchi uone. Liko katikati ya uwanja, nyuma yako watu wanapita huwaoni, mbele yako unatazama ua ambalo halifanyi chochote, na kila mtu anakuona umekaa peke yako kama unasubiri kuitwa na hakimu.

Sasa linganisha na baraza za Mji Mkongwe au Lamu. Ni kipande cha jiwe na chokaa kilichoshikana na ukuta wa nyumba, urefu wake unafika gotini, hakihamishiki wala hakiibiwi. Mgongo unaegemea ukuta mnene ambao unabaki wa baridi, nyumba ndefu na uchochoro mwembamba vinatoa kivuli karibu siku nzima, na anayepita anapita hatua mbili tu kutoka ulipo kwahiyo salamu haikwepeki hata ukiwa na haraka. Mzee anakaa, anaulizwa za tangu jana, anajibu, mwingine anaketi kusikiliza jibu, tayari washakuwa watatu. Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe, muuza kahawa na birika lake na vikombe vidogo ndio injini ya sehemu yote, pembeni kuna bao, siasa inaendelea mpaka usiku, na ukifanya hesabu ya samani zote za pale unashangaa jinsi zilivyo chache.

Kwahiyo hamisha benchi kutoka katikati upeleke pembezoni, mgongo kwenye ukuta au kwenye boma la maua, uso kwenye njia ya watu. Urefu wa kukalia sentimita 40 mpaka 45 unamfaa mtu mzima wa kawaida, na ukijenga kuta za maua kwa kimo hicho hicho na juu ukazilaza bapa badala ya kuzichongoa, umepata viti vya bure. Mbili ziwekwe kwa kona, moja hivi na moja hivi, ili watu wanne waweze kuongea. Zile zilizopangwa mstari mmoja zote zinatazama mbele ni za kusubiria dawa.

Na viti vinavyohamishika vinafanya kazi kuliko vyote, mtu akisogeza kiti hata kidogo tu anajiona pale ni pake. Najua mtakachosema, vitaibiwa. Kwetu jibu lipo siku nyingi, viti vya plastiki vya mama wa chai. Anavitoa asubuhi, anavihesabu jioni, anajua nani kakaa na hajalipa. Mpeni eneo.

Wahuni wamepahamia

Bryant Park, katikati ya Manhattan, nyuma ya maktaba kuu ya New York, miaka ya 1970 ilikuwa inajulikana kwa kuuzwa dawa za kulevya. Whyte akaitwa aangalie. Bustani ilikuwa imeinuliwa juu ya usawa wa barabara, imezungushiwa fensi ya chuma na ua mnene wa mimea, milango michache, ngazi nyembamba. Aliye ndani haonekani, aliye nje haoni. Waliopanga walitaka watu wapate utulivu mbali na kelele za mji, na wauza unga wakaupenda utulivu huo kuliko mtu mwingine yeyote. Ikafungwa 1988, ule ua ukang'olewa, milango ikaongezwa na kupanuliwa, vibanda vya chakula vikaingia, viti vyepesi vya kuhamishika vikatandazwa, vyoo vikafufuliwa, ikafunguliwa tena 1992. Leo mchana wa jua unatafuta kiti hukipati.

Sasa sisi bustani ikipata wahuni tunafanya nini? Tunajenga ukuta. Geti moja, kufuli, mlinzi, bango lenye makatazo tisa. Yaani tunawajengea. Mhuni haogopi ukuta hata siku moja, anaogopa mama anayekaanga mihogo hapo hapo getini ambaye anamjua yeye na mama yake mzazi. Jane Jacobs, mwandishi wa mambo ya miji, alilieleza hili tangu 1961, kwamba usalama wa mtaa unaletwa kwanza na macho ya watu wa kawaida, mwenye duka, anayechungulia dirishani, anayepita, polisi wanafuata. Kwahiyo cheki: ukisimama barabarani unaona mpaka upande wa pili wa bustani? Kama huoni, punguza matawi ya chini ya miti mpaka juu ya kichwa cha mtu na ukate michongoma ibaki chini ya kiuno, toboa ukuta, ongeza milango miwili. Fensi kama ni lazima iwe ya kuonekana ndani.

Taa ni sababu ya pili na hapa pana kosa la kawaida. Kenya wana ile nguzo ndefu wanaiita mulika mwizi, mlingoti mmoja unamulika eneo zima. Kwa barabara ya mtaa inasaidia. Ndani ya bustani yenye miti inatengeneza giza zito nyuma ya kila mti, na macho yako yameshazoea ule mwanga mkali kwahiyo kivulini huoni kitu kabisa. Bora taa nyingi fupi, chini ya matawi, zinazokuwezesha kuona sura ya anayekuja na sio kivuli chake tu. Na mtu mmoja ajulikane kwa jina ni nani anabadilisha ikiungua.

Alafu tuwe wakweli, nusu ya hao mnaowaita wahuni ni vijana hawana kazi wamekaa kijiweni. Mkiwafukuza hapo watahamia nyuma ya shule. Waulizeni kwanza, mara nyingi ndio pekee wanaojua bomba gani limepasuka na nani kaiba betri ya sola.

Wanawake hawaonekani

Hii dalili watu wengi hawaioni kwasababu kwenye kikao cha kamati nako hawaonekani. Whyte aliitumia kama kipimo kabisa: sehemu zinazopendwa zaidi zilikuwa na wanawake wengi kuliko kawaida, na idadi yao ikishuka ujue kuna kitu hakijakaa sawa, maana wao wanachagua kwa uangalifu zaidi pa kukaa. Rudi kwenye karatasi yako uhesabu.

Vienna, Austria, miaka ya 1990 waligundua wasichana wakifika miaka tisa kumi hivi wanapotea kwenye bustani za mji, wavulana wanabaki. Sababu haikuwa kwamba wasichana hawapendi kucheza, ni kwamba nafasi ilikuwa moja kubwa, na nafasi moja kubwa anaichukua mwenye nguvu na mpira. Wakajaribu kuigawa kwenye bustani mbili za mfano, wakaongeza sehemu za voliboli na badminton, wakaboresha njia, na wasichana wakarudi. Kwetu ni kitu kile kile, kiwanja kimoja, goli mbili, na binti yupo pembeni ameshika viatu vya kaka yake.

Lakini kabla hujafika huko, choo. Choo safi chenye maji, mlango unaofungwa kwa ndani, taa, na njia ya kufikia isiyopita nyuma ya kijiwe. Mama aliyekuja na watoto wawili hawezi kukaa saa mbili mahali pasipo na choo, ataondoka baada ya nusu saa na wewe utaandika kwenye ripoti kwamba jamii haina mwamko. Cha kulipia ni sawa, mia mbili mia tatu watu wanatoa, shida ni kile kilichojengwa na mfadhili na kufungwa tangu siku ya uzinduzi ili kisichafuke.

Wamachinga wameziba njia

Hapa tutagombana, ila mimi nasema mahali penye machinga ni mahali pazima. Machinga hakai palipokufa, hana mtaji wa kusubiri wateja. Kwahiyo ukiwaona wamejaa kwenye mlango wa bustani na kituo, wamekuonyesha bure kabisa ambapo watu wanapita, taarifa ambayo mwenye maduka makubwa angeilipia.

Tatizo ni upana. Njia ya mita mbili ikiwekwa meza pande zote mbili imekwisha, mlemavu na mama mwenye mtoto mgongoni wanashuka barabarani kwenye bodaboda. Tunachofanya ni kuwahamisha wote kuwapeleka mbali, na historia ya hilo tunaijua. Machinga Complex pale Karume, Ilala, jengo la ghorofa limejengwa kwa ajili yao, na kwa miaka vizimba vya juu vikakaa vitupu, wenyewe wakisema wateja hawapandi. Ni kweli hawapandi. Anayenunua soksi anazinunua kwasababu amezikuta njiani anaenda Kariakoo, hakutoka nyumbani kufuata soksi ghorofa ya pili. Mwishoni mwa 2021 wakaondolewa tena kwenye hifadhi za barabara miji mingi ya Tanzania, na ukipita leo sehemu kadhaa unajionea mwenyewe waliorudi.

Kinachofanya kazi ni kuwapanga hapo hapo walipo. Pima njia ya kupita, isipungue mita mbili na nusu pakiwa na watu wengi, piga mstari wa rangi, meza zikae nyuma ya mstari, upande mmoja tu. Forodhani ilipofanyiwa ukarabati na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikafunguliwa upya 2009, wauza vyakula walirudishwa, wakapewa sehemu yenye sakafu nzuri na meza zinazofanana. Fikiria kama wangewaondoa kabisa ili pawe pasafi. Pangekuwa pasafi kweli.

Barabara imefungwa magari, wenye maduka wanalia

Kigali ndio somo la karibu. Mwaka 2015 walifunga kipande cha barabara katikati ya mji kisipite magari. Magari yakaondoka na ikabaki lami. Hakuna kivuli, hakuna pa kukaa, wenye biashara wakalalamika wateja wamepotea, na walikuwa na haki, kwasababu kuondoa magari peke yake hakuleti watu. Baadae pakatengenezwa upya, njia za miguu, majani, miti, viti, vibanda, pakafunguliwa 2022 kwa jina la Imbuga City Walk na sasa jioni ni pa familia. Barabara ni ile ile.

Copenhagen, Denmark, walipofunga mtaa wa maduka wa Strøget mwaka 1962 wenye maduka nao walilia, wengine wakasema kukaa nje ni tabia za Waitaliano, sio za Wadenmark na baridi lao. Leo ni kati ya mitaa ya miguu inayojulikana zaidi Ulaya. Kwahiyo ukifunga barabara, siku hiyo hiyo viti na kivuli viwepo, hata kama ni vya muda. Times Square ya New York, pale barabara ya Broadway inapopita, ilipofungwa kwa magari Mei 2009, samani rasmi hazijafika, jiji likatawanya viti vya ufukweni vya bei poa vya kukunja, na watu wakakaa katikati ya Broadway siku hiyo hiyo. Jaribuni Jumapili moja kwa viti vya kukodi vya harusi kabla hamjatia saini mkataba wowote.

Njia za mkato kwenye majani

Watu wako sahihi, mchoro umekosea. Weka pevingi pale walipopita, ondoa kibao cha usikanyage majani. Imeisha hiyo.

Mwaka wa kwanza palipendeza, mwaka wa pili pamechoka

Pesa ya kujenga huwa ipo, ya kufagia haipo. Bajeti ya mradi ina mstari wa uzinduzi wenye mahema na maji ya chupa, tafuta mstari wa bomba la kumwagilia mwezi wa kumi na nne uone kama utaupata. Kwahiyo dalili hii isome nyuma: nani anafagia, analipwa na nani, na akiacha nani atajua?

Dandora, Nairobi, mtaa uliopimwa viwanja na kupelekewa huduma kwa fedha za Benki ya Dunia miaka ya 1970, nyumba zimezunguka korti, yaani kiwanja cha pamoja katikati. Kwa miaka mingi korti nyingi zikawa jalala. Kilichozibadilisha baadhi ni vijana wa korti wenyewe kusafisha, kupanda majani, kupaka rangi, kuweka geti, na kutafuta kipato hapo hapo, kuosha magari, maegesho, michango ya wakazi. Tazama mpangilio: anayekula kutokana na usafi wa mahali ndiye anayepasafisha. Nyie mnaweza kuanza na ushuru wa meza za wauzaji, lakini ubaki pale pale na ubandikwe kwenye ubao kila mwezi, umekusanywa kiasi gani, umenunua nini. Ukienda kwenye akaunti ya jumla ya halmashauri umeshaupoteza.

Na mnunue vitu ambavyo fundi wa mtaani anaweza kuvitengeneza. Benchi la mbao na nondo likivunjika fundi seremala analimaliza mchana mmoja. Lile lililoagizwa nje likipoteza skrubu yake moja ya ajabu linakuwa chuma chakavu na linaishia kwenye mizani.

Kiwanja kinapungua

Hii ni mbaya kuliko zote na dalili zake huja polepole: kontena limewekwa kwa muda, mchanga umemwagwa kona moja, fensi ya mabati, alafu siku moja mtu ana hati. Sababu mara nyingi ni kwamba kiwanja kilionekana hakina mwenyewe, na kiwanja kitupu ndio hicho, kwahiyo hizo dalili zote za juu zinaishia hapa. Nairobi mwaka 1989 kulikuwa na mpango wa jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Wangari Maathai akaanza kwa kuandika barua, akatukanwa bungeni, na mwisho mpango ukafa. Miaka miwili baadae ikaja zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi mwaka 1906, ikatakiwa iwe maegesho ya ghorofa na maduka, mjukuu wake Zarina Patel na wenzake wakapiga kelele mpaka ikaachwa. Angalia zote mbili zilikuwa na watu ndani yake, watu wanaopumzika saa saba, wanaohubiri, wanaobishana siasa.

Cha kufanya wiki hii: nendeni ofisi ya ardhi mkaombe nakala ya mchoro wa mipango miji wa eneo lenu, ya rangi, yenye muhuri, muone kiwanja kimeandikwa matumizi gani. Kama kwenye mchoro ni eneo la wazi na mtu anajenga, basi ama anavunja sheria ama kuna ombi la kubadili matumizi limepita, na maombi hayo yana utaratibu wa kutangazwa na kupokea pingamizi, ulizeni lilitangazwa wapi. Tafuteni bikoni zote za kona, yaani mawe ya mipaka, zifukueni kama zimefunikwa, zipakwe rangi nyeupe, zipigwe picha na simu yenye lokesheni imewashwa. Picha zihifadhiwe na watu wasiopungua watatu, mmoja wao asiwe kiongozi.